Maswali ya Wasomaji: Madarasa Matupu Kuwa Makao ya Wazee

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja. Watoto wamepungua, au shule imehamia jengo jipya, madarasa yamefungwa kwa kufuli, na jirani na hapo wapo wazee wanaohitaji pa kuishi pasipo na ngazi nyingi, penye majirani na mtu wa kuitika wakiita. Wazo si geni. Japani, ambako shule nyingi zimefungwa kwa sababu ya uhaba wa watoto, wizara ya elimu ilianzisha mwaka 2010 mpango wa kutangaza majengo yaliyobaki tupu ili wenye kuyahitaji wayapate.

Linawezekana, na tungependa kuona watu wengi zaidi wakilijaribu. Ila jengo la shule lilijengwa kwa ajili ya mtoto anayekaa humo saa chache za mchana kisha akaenda kwao. Mzee atalala humo, ataoga humo, atapika humo, na siku nyingine hatainuka kitandani. Karibu kila kosa tunalolitaja hapa chini linatokana na tofauti hiyo.

Swali: Kamati yetu imeahidiwa shule ya madarasa 12, sita chini na sita juu. Fedha tulizonazo zinatosha ukaguzi tu. Wenzangu wanataka tuchoreshe ramani kwanza ili wafadhili waone picha. Tuanze na nini? (Mwenyekiti wa kamati)

Jibu: Msichoreshe chochote bado. Picha nzuri ikishapita mikononi mwa watu, hakuna atakayekuwa na moyo wa kusema jengo halifai. Kagueni mambo manne kwa mpangilio huu. Kila moja linaweza kuufuta mradi, na la kwanza ndilo linalogharimu kidogo kuliko yote.

La kwanza ni hati ya ardhi. Viwanja vingi vya shule vilitolewa kwa sharti la elimu: aliyetoa, awe mtu, taasisi ya dini au serikali, aliandika kwamba shule ikikoma ardhi inarudi kwake. Mwanasheria aisome hati yenyewe, asiridhike na muhtasari wa kikao. Kisha ombeni kibali cha kubadili matumizi. Ikiwa mnalikodi jengo, muda wa mkataba uzidi muda wa kulipa deni la ukarabati. Mkikopa kwa miaka 20 juu ya mkataba wa miaka 10, mnamkarabatia mwenye nyumba.

La pili ni majitaka. Fungueni chemba zote, kuanzia jengoni mpaka bomba linakoishia, na mpime kina cha bomba katika kila chemba. Watu hudhani wakazi 40 ni mzigo mdogo kuliko wanafunzi 300. Pigeni hesabu. Mwanafunzi wa kutwa akitumia lita 20, jumla ni lita 6,000 kwa siku. Mkazi anayeoga, kupika na kufua akitumia lita 130, wakazi 40 wanafikisha lita 5,200. Mzigo ni karibu uleule, lakini sasa unakuja siku saba za wiki bila likizo, tena umebeba mafuta ya jikoni na sabuni ya kufulia. Kama kuna tangi la septiki, kitakachoshindwa kwanza ni eneo la kunyonya maji. Ardhi iliyozoea kupumzika wikendi na miezi ya likizo itajaa na maji yataanza kuonekana juu ya nyasi.

La tatu ni sumu zilizojificha. Katika majengo ya zamani asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu, inaweza kuwa kwenye shuka za paa za saruji, mabao ya dari, vifuniko vya mabomba ya maji moto, vigae laini vya sakafuni na ile gundi nyeusi iliyo chini yake. Jicho halitambui, kwa hiyo sampuli ziende maabara. Zichukuliwe na mtu aliyefunzwa, mahali palowanishwe kwanza, na mafundi wengine wasitoboe wala kukwangua mpaka majibu yarudi. Asbesto iliyo nzima na iliyofunikwa vizuri huweza kuachwa ilipo. Hatari huanza inapovunjwa na nyuzi zake kuruka hewani. Rangi za zamani nazo zipimwe madini ya risasi.

La nne ni muundo, na hapa habari ni njema kuliko watu wanavyotarajia. Sakafu ya darasa kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilonyutoni 2 hadi 3 kwa kila mita ya mraba (kilonyutoni moja ni sawa na uzito wa takriban kilo 100), wakati ya nyumba ya kuishi huwa 1.5 hadi 2. Watu na vitanda vyao hawaielemei. Kinachoielemea ni kuta mpya, na hilo tumelijibu kwenye swali la nne.

Swali: Darasa letu lina mita 7 kwa 9. Je, linatoa nyumba mbili au tatu? Tatu zingetusaidia sana kwenye mapato. (Mhazini)

Jibu: Mbili. Ukikata mara tatu kila mkazi anapata mita 3 kwa 7, na ukishaweka bafu linaloingilika kwa kiti cha magurudumu, kilichobaki ni ushoroba wenye kitanda.

Ukikata mara mbili, kila upande unabaki na upana wa karibu mita 4.4 na kina cha mita 7. Ingia nasi mlangoni. Mlango uko upande wa korido na uwazi wake ni milimita 850 au zaidi. Mkono mmoja kuna bafu la mita 2.2 kwa 2.4. Mkono wa pili kuna meza ya jikoni yenye kina cha sentimita 60. Kati ya meza na ukuta wa bafu inabaki mita 1.5, na hicho ndicho kipimo ambacho kiti cha magurudumu kinahitaji ili kigeuke bila kugonga. Ukipita hapo unafika kwenye chumba cha mita 4.4 kwa 4.5, karibu mita 20 za mraba, chenye kitanda, kabati, kiti cha kupumzikia na dirisha. Vyote vinavyohitaji maji viko upande wa korido, vyote vinavyohitaji mwanga viko upande wa dirisha. Dari ya bafu na jikoni unaweza kuishusha hadi mita 2.4 ili ifiche mabomba na njia za hewa, lakini juu ya kitanda iache kama ilivyo. Dari ndefu ya darasa ni zawadi, usiifunike yote.

Mpango huu unakwama pale darasa lenye madirisha matatu linapokatwa katikati. Ukuta unaangukia kwenye kioo cha dirisha la kati, fundi anaziba kwa ubao, na sauti na moshi vinapita hapo miaka yote. Ukuta mpya uishie kwenye nguzo iliyo kati ya madirisha. Madarasa mawili yanayopakana yana madirisha sita na urefu wa mita 18, kwa hiyo yanatoa nyumba tatu za mita 6 kwa 7, kila moja na madirisha mawili. Ukuta wa zamani uliotenganisha madarasa utaangukia katikati ya nyumba ya pili. Uache usimame, ufungue mlango wa mita moja ndani yake na uweke lenta, nao utatenga sebule na chumba cha kulala.

Jambo moja husahaulika. Chini ya dirisha la darasa kuna ukuta wa sentimita 90 hadi 120, uliokusudiwa kuwazuia watoto wasichungulie nje. Aliyelala au aliyekaa haoni kitu isipokuwa mbingu. Shusheni ukuta huo hadi sentimita 60. Mradi upana wa dirisha hauongezwi, lenta ya juu inaendelea kubeba mzigo uleule, na mara nyingi kazi hiyo ni nyepesi kuliko watu wanavyoiogopa. Mhandisi aithibitishe, kioo cha chini kiwe cha usalama, na ghorofani pawekwe kizuizi. Kwa mzee asiyetoka sana, sentimita hizo 30 hadi 60 ni tofauti kati ya kuona watu wakipita na kutoona mtu kutwa nzima.

Swali: Fundi bomba anasema bafu za juu lazima ziinuliwe sentimita 15 ili bomba la choo lipite chini ya vigae. Anasema ni kingazi kimoja tu. (Msimamizi wa ujenzi)

Jibu: Mkatalie, na usikubali hata nusu yake. Sentimita 15 ni kimo cha ngazi kamili. Mteremko wa kiti cha magurudumu wa 1 kwa 12 ungehitaji mita 1.8, na nafasi hiyo haipo ndani ya nyumba. Anayetoka usingizini saa nane usiku akiwahi choo atajikwaa hapo hapo.

Fundi wako ana hoja, ila hesabu yake haitoshi hata kwake. Bomba la inchi 4 huteremka takriban milimita 20 kwa kila mita. Choo kikiwa mita 5 kutoka bomba la wima, mteremko peke yake ni milimita 100, ongeza unene wa bomba milimita 110, na umeshapita sentimita 20 bila kuhesabu kona. Dawa ni kulisogeza bomba la wima karibu na choo, ndani ya mita moja na nusu, na kupanga bafu juu ya bafu. Bomba lishuke kwenye tundu la slabu, lipite ndani ya dari iliyoshushwa ya bafu la chini. Hapo ndipo urefu wa dari ya shule unapolipa. Bomba la wima likae kwenye kabati lenye mlango upande wa korido, ili siku likiziba fundi asilazimike kuingia chumbani kwa mtu.

Kwa eneo la kuogea, chimbueni sakafu mliyonayo. Juu ya slabu ya darasa mara nyingi kuna tabaka la saruji la kusawazisha lenye milimita 40 hadi 75. Likiondolewa chini ya bafu, mnapata kina cha kutosha cha mteremko wa maji na utando wa kuzuia maji bila kuinua sakafu. Ukingo wa kuingilia usizidi milimita 13, nao uchongwe mshazari.

Kabla ya kutoboa slabu, pimeni nondo kwa kifaa cha kuzitafuta. Bimu haitobolewi. Slabu zilizotengenezwa kiwandani na kuvutwa kwa nyaya hazikatwi mpaka mhandisi aonyeshe nyaya zinapopita, maana waya ukikatika slabu inapoteza nguvu yake na aliye jirani anaweza kuumia. Bomba la plastiki linapopita kwenye slabu livishwe kola ya kuzuia moto. Bila hiyo plastiki itayeyuka na tundu litakuwa bomba la moshi kwenda juu.

Utando ukikauka, zibeni tundu la maji, jazeni maji ya kina cha sentimita 3 hadi 5 na muache saa 24. Vigae vitandikwe baada ya hapo, dari ya chini ikiwa kavu. Na kabla ya kufunga kuta za jipsamu, wekeni nyuma yake mbao za plaiwudi za milimita 18 ukuta mzima wa choo na wa kuogea. Kishikio kilichofungwa kwenye jipsamu tupu hung'oka siku ile mzee anapokitegemea kwa uzito wake wote.

Swali: Kuta za kugawa tujenge kwa bloku? Tunaogopa kelele za redio na televisheni. (Mjumbe wa kamati ya ujenzi)

Jibu: Chini, ambako ukuta una msingi, bloku zinafaa. Juu, fikirini mara mbili. Ukuta wa bloku za milimita 150 uliopigwa plasta pande zote na wenye kimo cha mita 3 una uzito wa kilo 600 hadi 800 kwa kila mita ya urefu. Kwa mita 7 hiyo ni karibu tani 5 juu ya mstari mmoja, na kama hakuna bimu chini yake slabu itapinda na ukuta utapasuka. Ukuta wa fremu nyepesi za chuma wenye tabaka mbili za jipsamu kila upande na sufi ya madini katikati una uzito wa karibu tani moja kwa urefu huohuo, na ukijengwa vizuri hupunguza sauti kwa desibeli 50 au zaidi. Kwa kiwango hicho mazungumzo ya jirani hayaeleweki.

Lakini "ukijengwa vizuri" ndiyo shida. Kosa la kawaida ni ukuta kuishia kwenye dari. Juu ya dari ya shule kuna uwazi mmoja mrefu kutoka darasa hadi darasa, na sauti hupanda, hupita, hushuka kwa jirani. Ukuta uende mpaka kwenye slabu au kwenye paa, na pembeni uzibwe kwa gundi laini isiyokauka ikapasuka. Soketi za nyumba mbili zisitazamane mgongo kwa mgongo. Wazee wengi hawasikii vizuri, kwa hiyo televisheni itakuwa juu. Majirani watagombana mwaka wa kwanza, na msimamizi atadhani ni tabia zao.

Swali: Vyoo vya wanafunzi vipo na ni vizima. Vinaweza kutumika? (Mkandarasi)

Jibu: Hapana. Vyoo vya watoto ni vifupi, na mzee akiketi chini hivyo hainuki bila kushikwa. Yeye anahitaji kikalio cha milimita 430 hadi 485 kutoka sakafuni. Vyumba vyenyewe havimpokei msaidizi. Lakini mabomba yaliyofika hapo ni mali. Fanyeni eneo hilo kuwa chumba cha kufulia, chumba cha mitambo ya maji, na bafu moja kubwa la pamoja kwa wanaoogeshwa.

Swali: Tumeambiwa lifti ikiwekwa, hata wasiotembea wanaweza kukaa juu. Mimi ndiye nitakayekuwa zamu ya usiku. Moto ukizuka nifanye nini? (Muuguzi)

Jibu: Asante kwa kuuliza kabla ya kuanza kazi, maana waliokuambia hivyo hawakukufikiria wewe. Lifti ya kawaida haitumiki wakati wa moto. Mpango wa shule ulikuwa kengele ikilia, watoto 200 wanateremka ngazi kwa miguu yao. Wahudumu wawili usiku hawawezi kuwabeba watu 20.

Kinachowezekana ni kuwahamisha watu wakiwa kwenye ghorofa ileile. Sakafu igawanywe sehemu mbili au zaidi kwa ukuta unaohimili moto kwa dakika 60, kuanzia kwenye slabu mpaka juu ya dari, na kila sehemu iwe na ngazi yake na nafasi ya kupokea watu wa upande wa pili. Moto ukiwaka upande mmoja, unasukuma kitanda au kiti kupita mlangoni, mlango unajifunga, na mnasubiri zimamoto mkiwa salama. Milango ya korido ishikiliwe wazi kwa sumaku zinazoachia king'ora kikilia. Milango ya nyumba ijifunge yenyewe, lakini usikubali vile vifunga vizito vya kawaida. Mzee hushindwa kuusukuma mlango, kisha huuwekea kiti usifunge, na kinga yote inapotea. Vipo vifunga vinavyouacha mlango mwepesi siku zote na kuufunga king'ora kinapolia tu. Hivyo ndivyo vya kudai.

Ukaguzi wako wa kwanza uwe huu. Je, yale madirisha madogo juu ya milango ya madarasa yamezibwa kwa kitu kinachohimili moto? Je, nondo za madirishani zinafunguka kwa ndani bila ufunguo? Je, kila nyumba ina kigunduzi cha moshi kilichounganishwa na ubao unaoonyesha namba ya chumba? Mfumo wa kunyunyiza maji ukiwezekana, uwekwe. Kwa watu wasioweza kukimbia hakuna kinachonunua muda zaidi.

Kama jengo lina ngazi moja na ya pili haiwezi kujengwa, wasiotembea wakae chini. Hilo halina mjadala.

Kuhusu lifti yenyewe: ya kilo 630 ina chumba cha mita 1.1 kwa 1.4, inabeba kiti cha magurudumu lakini machela haiingii ikiwa imelazwa. Ya kilo 1,000 ina mita 1.1 kwa 2.1, nayo inaingiza machela. Chukueni hii ya pili, na muijenge nje, mwisho wa korido, ili msikate slabu.

Swali: Nusu ya madarasa bado yana wanafunzi. Inafaa wazee wakae nusu nyingine? (Mwalimu mkuu)

Jibu: Inafaa, ikiwa mipaka imewekwa kabla hawajahamia. Lango la wazee na wageni wao liwe peke yake, lisipite uwanjani wala karibu na vyoo vya watoto. Mita za maji na umeme zitenganishwe tangu siku ya kwanza, la sivyo mtagombana kila ankara ikija. Ukumbi unaweza kutumika na wote kwa ratiba. Kengele ya vipindi iondolewe upande wa wazee, na mlio wa king'ora cha moto uwe tofauti kabisa nayo. Mtu aliyesikia kengele mara nane kwa siku haondoki tena inapolia ya kweli.

Swali: Jengo limefungwa miaka mitatu. Fundi amefungua maji na yanatoka meupe. Tuendelee? (Msimamizi wa makao)

Jibu: Bado. Maji yaliyosimama kati ya nyuzi 20 na 45 za selsiasi huzalisha bakteria wa Legionella, ambao huingia mapafuni kwa mvuke wa kuogea na huwashambulia zaidi wazee. Rangi ya maji haisemi lolote. Kwanza kateni vipande vyote vya mabomba visivyoelekea popote, kama yale ya masinki ya maabara yaliyoondolewa. Safisheni matangi, kisha jazeni mfumo maji yenye klorini ya miligramu 50 kwa lita, fungueni kila bomba mpaka harufu ifike, acheni kwa saa moja, suuzeni, halafu mpime. Maji moto yahifadhiwe kwa nyuzi 60. Kiwango hicho huunguza ngozi ya mzee kwa sekunde chache, kwa hiyo kila bafu liwe na vali ya kuchanganya iliyofungwa kwenye nyuzi 41 hadi 43, tena karibu kabisa na mahali pa kuogea. Nyumba ikikaa bila mtu, mabomba yake yafunguliwe kila wiki.

Swali: Mama yangu haoni vizuri na ameanza kusahau. Nilimpeleka kuangalia makao yaliyokuwa shule, akasimama mlangoni mwa korido akakataa kuingia. Alisema kuna maji. Hapakuwa na maji. (Binti yake)

Jibu: Pole, na mama hakukosea. Terazo iliyong'arishwa, ikipigwa na mwanga wa dirisha la mwisho wa korido, humeta kama sakafu iliyomwagiwa maji, na kwa macho yake ndivyo ilivyo. Mstari mweusi sakafuni nao huonekana kama shimo. Utawaona wazee wakiuruka au wakirudi nyuma. Waombe wasimamizi waondoe mng'ao, waweke rangi moja isiyo na michoro, na waweke pazia jepesi kwenye dirisha hilo.

Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi ya mwanga linaoupokea jicho la miaka 20, kwa hiyo taa za korido za shule hazitoshi. Waulize kama mwanga unafika laksi 200 (laksi ni kipimo cha mwanga) sawasawa kote, bila madimbwi ya giza kati ya taa na taa. Korido za shule zina mita 2.4 hadi 3, nafasi ya kutosha kuweka mkono wa kushikia pande zote kwa kimo cha sentimita 90 na viti vya kupumzikia njiani. Milango yote ikifanana, mama atapotea. Wake uwe na rangi yake na kitu anachokijua pembeni, kama picha ya ujana wake. Namba ya chumba haitamsaidia sana.

Ukienda tena, ingia bafuni uangalie kamba ya kuita msaada. Inatakiwa ining'inie mpaka sentimita 10 kutoka sakafuni, kwa sababu anayeihitaji zaidi ni aliyeanguka. Ukiikuta imefungwa fundo juu ili isiguswe na ufagio, waambie hapo hapo waishushe.

Swali: Mwaka mmoja tu tangu wahamie, nyuma ya makabati kuna ukungu mweusi. Paa halivuji. (Fundi wa matengenezo)

Jibu: Ni pumzi, mvuke wa kupikia na wa kuoga, vinavyoganda kuwa matone kwenye ukuta wa nje ulio baridi. Darasa lilikuwa na watu mchana tu, madirisha wazi. Sasa kuna mtu saa 24 na dirisha limefungwa kwa sababu anahofia baridi. Feni ya bafu ivute lita 15 za hewa kwa sekunde na ya jikoni lita 30 juu ya jiko, zote zitoe nje ya jengo, si ndani ya dari. Zipime zikiwa zimeshawekwa mahali pake. Feni nzuri kwenye bomba refu lililopinda mara tatu haivuti hata nusu. Acheni uwazi wa sentimita mbili chini ya mlango wa bafu ili hewa iingie. Sogezeni makabati kwenye kuta za ndani, au myaache sentimita 5 mbali na ukuta.

Swali: Mbao za kuandikia tuzing'oe? (Mchora ramani)

Jibu: Acheni angalau mmoja kwa kila ushoroba. Wazee huandikiana hapo, na wahudumu huandika mambo ya siku. Kwa jengo la kihistoria linaweza hata kuwa sharti: Marekani, mradi unaotaka punguzo la kodi la asilimia 20 kwa majengo ya aina hiyo hutakiwa kulinda sura yake, na kwa shule hilo kwa kawaida hugusa upana wa korido, madirisha, na mara nyingi mbao hizi. Unaohamishwa, ukingo wake wa chini uwekwe sentimita 70 kutoka sakafuni ili aliyeketi aufikie. Kama ni wa jiwe, una uzito wa kuhitaji watu wawili na skrubu za ukutani, misumari haitoshi. Na kama umebandikwa kwa gundi nyeusi, usiguse mpaka gundi hiyo ipimwe asbesto.